Maji Yaliyotoka Chini ya Ukuta

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu Njeri, wewe ulikuwepo, ila ulikuwa na miaka saba na shughuli yako kubwa ilikuwa kung'oka meno. Umeikumbuka maisha yako yote kama siku mama yako alipokuwa shujaa. Leo keti, weka hiyo simu chini, unisikilize hadi mwisho. Kesho utasimama mbele ya watu kama katibu wa shamba na kusoma majina ya watakaosema: bwawa libaki, au lifunguliwe na mto urudishiwe mlango wake kule ziwani Elementaita. Kabla hujasimama, kuna jambo nililolificha kwa zaidi ya miaka thelathini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kungoja hicho kifo.

Tuanzie kwenye ukuta. Bwawa hili hakulichimba Mungu, ingawa wachungaji wetu hubatiza humo kana kwamba ni Yordani. Mzungu aliyekuwa na shamba hili ndiye aliyeuziba mto, kwa udongo ulioburutwa na ng'ombe na kushindiliwa na vibarua. Kibarua mmoja alikuwa kijana aliyeitwa Kiprono. Mzungu alipoondoka, wazee wetu wakaunganisha hisa zao, wakalinunua shamba, na kila mmoja akachota namba ya kipande chake kwenye kofia. Babu yako alichota namba iliyopakana na ukuta. Kiprono hakuwa na hisa ya kuchotea namba, lakini alibaki katika kibanda chake kando ya bwawa, maana alikuwa ameuzoea ukuta ule kama mtu anavyomzoea mke mkorofi.

Nilipoolewa hapa nililipenda bwawa kuliko nilivyompenda baba yako, na yeye alijua, tukalicheka hilo mpaka alipofariki. Nilitoka mahali pa kubeba maji mgongoni. Kuamka na kukuta maji yamelala mlangoni pangu, mengi, hayaulizi chochote, kulinifanya nijione tajiri. Kabichi zilizokusomesha zilinyweshwa maji hayo. Kwa hiyo kesho akisimama mtu kusema bwawa ni uhai wetu, usimwone mjinga. Anasema kweli.

Ulipozaliwa nilipanda mti juu ya ukuta. Nilikuwa nimezika watoto wawili kabla yako, mwanangu. Nilitaka kitu chako kishike ardhi kwa nguvu mahali ambapo ningekiona kila nikifungua dirisha. Nikapanda mkaratusi. Ulipopona surua nikasema ni mti ule, na akina mama wengine wakaniiga. Kila mtoto akizaliwa, mti unapandwa ukutani. Baada ya miaka michache ukuta mzima ulikuwa na safu ya mikaratusi, kila mmoja na jina lake, na tukikutana kanisani tulikuwa tunaulizana, wa kwako umefika wapi? Wako ulikuwa mrefu kuliko yote.

Mzee Kiprono alikuja siku moja tukiwa tunapanda, nywele zake zimekuwa nyeupe, akasimama na fimbo yake.

"Mama Njeri, hapa mzungu alikuwa anafyeka hata kijiti," akasema. "Mizizi inatafuta maji. Ikipata, inaachia maji njia."

Mimi nilikuwa na ulimi wa ujana, na ujana ni moshi. Nikamjibu, "Mzee, mzungu alienda. Wewe bado unamfanyia kazi?"

Watu wakacheka sana. Alitutazama, akaondoka polepole. Mpaka leo kicheko kile nakisikia, na kinaniaibisha kuliko mambo mengi mabaya niliyofanya. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi lilibaki zima, yaliyovunjika yalikuwa ya wengine.

Mzee hakuninunia. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akaniomba niwe macho yake, kwa kuwa kila asubuhi nilipita chini ya ukuta nikienda kukata nyasi ya ng'ombe. Akanipa chupa ya jemu. Akanifundisha kwamba kila ukuta wa udongo hutoa jasho kidogo miguuni. Jasho likiwa safi, ukuta uko mzima. Likianza kutoka na udongo, basi ukuta unajitoa nyama ya ndani, kidogo kidogo, na ndani kunabaki shimo. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama tu maji yakipita. Unakinga maji kwenye chupa, unayaacha yatulie, halafu unaangalia kilichokaa chini.

"Siku italeta udongo," aliniambia, "usingoje kesho. Tunapunguza maji siku hiyo hiyo. Halafu tunatoa miti."

Nilisikia hilo la miti, na moyo wangu ukalifungia mlango.

Mwaka huo mvua ya masika ilikuja ikasahau kwenda kwao. Bwawa lilijaa mpaka likakaribia kulamba mizizi ya juu. Asubuhi moja nikakinga maji kama kawaida, nikaiweka chupa juu ya jiwe nikakata nyasi yangu. Niliporudi, udongo mwekundu ulikuwa umekaa chini ya chupa, unene wa ukucha. Nikaangalia maji yalikotoka. Yalikuwa yanatoka chini ya mti wako hasa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Nilijua. Sikukosea, sikusahau, sikuchanganyikiwa. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimefundishwa kutazama. Nikamwaga ile chupa, nikaisugua kwa nyasi, nikaenda kumwambia Mzee Kiprono kwamba nimechelewa, chupa nitaileta kesho. Niliogopa mti wako kukatwa. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mti ukianguka na wewe utaanguka, nami nilikuwa nimeshachoka kuzika.

Asubuhi ya pili maji yalitoka rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa na nguvu. Nikarudi nyumbani, nikaijaza chupa kutoka kwenye pipa la mvua, nikampelekea mzee. Nilimwambia ni safi.

Akaiinua kwenye mwanga, akaona ukungu wake tu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia: akaionja. Akayazungusha maji mdomoni, akayatema.

"Hii ni maji ya mabati," akasema. "Ukuta yetu haina mabati."

"Mzee..."

"Umenidanganya siku ngapi?"

"Mbili."

Ningependa angenitukana. Alitafuta fimbo yake kwa mkono. "Kimbia, ambia watu walete majembe, wachimbe ule mfereji wa kando uende chini zaidi, maji ipite huko. Ukishawaambia usisimame hapo. Enda chini kwa Nasieku."

Nasieku unamjua kama bibi kizee anayekuletea maziwa. Wakati huo alikuwa mama kijana kama mimi, na boma lake lilikuwa kwenye bonde lile kavu chini ya ukuta, mahali mto ulipokuwa ukipita zamani. Watu wake walikuwa wakichunga kule ziwani tangu kabla ya mzungu, na mto ulipozibwa wakabaki na bonde lisilo na maji. Walijenga hapo kwa sababu palikuwa na kinga ya upepo. Hakuna aliyewahi kuwaambia juu yao kuna nini. Hawakuwa na namba ya kofia, hivyo hawakuitwa kwenye mikutano.

Niliwapigia wanaume kelele, nikaona majembe yakitoka, nikashuka mbio. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope. Nilimkuta Nasieku akisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto.

"Toka!" nikamwambia. "Toka na watoto, ukuta!"

Hakuuliza swali hata moja. Alibeba mmoja mgongoni, mimi nikabeba mwingine, wa tatu tukamburuta kwa mkono. Tulikuwa tumefika katikati ya mteremko tuliposikia sauti kama lori linalomwaga kokoto. Kona moja ya ukuta ilikuwa imeketi chini, pale penye mti wako, na mti wenyewe ukainama, ukalala, ukaja na maji. Wanaume walikuwa wameshafungua mfereji wa kando, ndiyo maana bwawa lote halikutushukia mara moja. Lakini yaliyoshuka yalitosha. Yalichukua boma. Yalichukua ndama wanne waliokuwa wamefungiwa zizini, nao walilia, Njeri, walilia mpaka wakanyamaza.

Wewe ulikuwa juu kwa jirani, unakula mahindi. Mti wako ulianguka na wewe hukupatwa na hata mafua.

Nasieku alitazama maji yakipita mahali palipokuwa nyumba yake. Kisha akanishika mkono mbele ya watu wote. "Mama Njeri, umeniokolea watoto," akasema, na machozi yakamtoka. Watu wakapiga makofi. Nami nilisimama pale na kiatu kimoja, nikashukuriwa. Ningesema siku ya kwanza, ndama wangekuwa hai na boma lingehamishwa kwa utulivu. Ningenyamaza nusu saa zaidi ya hapo, tungezika watoto. Baada ya siku chache akaniletea shanga alizozitunga mwenyewe. Ndizo zile zilizo kwenye sanduku langu, ambazo umeniuliza mara nyingi kwa nini sizivai.

Mzee Kiprono alikuwa amesimama karibu nikishukuriwa. Nilimfuata kibandani kwake baadaye, nikalia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Mimi sitasema," akaniambia. "Mdomo ni yako. Lakini siku itafika ukuta iulize tena, na hiyo siku usilete maji ya mabati."

Ningependa kukuambia kwamba nilijifunza hapo hapo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu alichelewa kuzaliwa.

Bwawa lilipopungua, mto ulipita katika bonde lake la zamani mpaka ziwani, msimu mzima, huku sisi tukibishana juu ya kuukarabati ukuta. Nasieku akanichukua nikaone. Tulitembea mpaka pale mto unapokutana na maji ya magadi. Mwanangu, nilikuwa nimeishi juu ya mto ule miaka kumi na sikuwa nimewahi kuuliza ulikuwa unaenda wapi. Matete yalikuwa yameanza kuota. Flamingo walikuwa wamejipanga pale hasa maji matamu yanapoingia, wanakunywa na kuoga manyoya, kwa sababu hata ndege wa magadi anahitaji maji matamu. Ng'ombe walikuwa wanalamba chumvi hatua chache kutoka mahali walipokunywa. Nasieku alipiga magoti akanywa kwa kiganja.

"Mama ya mzee wangu alikuwa anatuambia kuhusu hapa," akasema. "Nilidhani ni hadithi ya wazee tu."

Wiki iliyofuata tulikaa mkutanoni. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka kutaka ukuta uzibwe. Matope ya pale mlangoni mwa mto yalikuwa bado kwenye viatu vyangu. Nilifikiria kabichi zangu, nikafikiria dirisha langu, nikainua mkono.

Mikaratusi tuliikata, hilo tulikubali. Mzee Kiprono akatuomba tung'oe na visiki vyote, tuchimbe mizizi, tushindilie udongo upya. Tulikuwa tumechoka. Tulijaza udongo kwenye kona iliyoketi, tukafunika visiki kwa nyasi, tukarudi mashambani. Mzee akafariki baada ya miaka michache, na yale ya mizizi tukayazika naye. Lakini mzizi ukikatwa haukai vile vile. Unaoza, na ukishaoza unabaki mrija mtupu ndani ya ukuta. Sasa fikiria safu nzima ya majina yenu, nyinyi watoto wetu, kila jina limeacha mirija yake mle ndani.

Umewasikia mainjinia waliotoka Nakuru na vigingi vyao. Walisema ukuta huu ubomolewe wote ujengwe mpya, au maji yapunguzwe polepole mpaka mto urudi njia yake. Kuuacha ulivyo hakumo. Nimewasikia majirani wakinong'ona kwamba hao ni vijana wa ofisini, bwawa limesimama miaka yote, litasimama tu. Shangazi yako wa Kihoto naye alisema hivyo hivyo juu ya ziwa la Naivasha, mpaka ziwa likamfuata sebuleni, viti vikaelea. Maji hayasomi hati ya shamba.

Nenda dirishani. Iko pale chupa. Ni ile ile ya jemu, kifuniko chake tu nimebadilisha. Baada ya mzee kufa niliendelea kukinga kila asubuhi, miaka yote, na nyinyi mkadhani ni wazimu wa uzee. Maji yamekuwa safi mpaka juzi. Jana yalikuwa na kivuli. Leo, iinue uone chini yake.

Umeona.

Safari hii sikungoja wewe ufike kutoka Nakuru. Nilipoiona tu, kabla ya chai, nilimpigia Nasieku simu. Mwanawe ana nyumba kwenye lile bonde. Nikamwambia maji yametoka na udongo, ahamishe watu na mifugo, nami nawatuma vijana wakaufungue mfereji wa kando maji yaanze kupungua. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia na lile lingine lote: siku mbili, pipa la mvua, ndama wake.

Nilisikia kuku wakilia upande wake wa simu. Kisha akaniuliza, "Ya leo ni rangi gani?"

"Nyekundu. Unene wa ukucha."

"Basi wacha tuhamishe watoto kwanza," akasema. "Hayo mengine nitakuja kukuambia kesho, nikikuangalia macho."

Kwa hiyo anakuja kesho, Njeri, na sijui ataniambia nini. Naogopa. Mama yako mwenye miaka hii yote anaogopa kama mwari.

Haya sasa nasaha yangu, uichukue hivi hivi na mikunjo yake. Usikipende kitu hadi ukakataa kuona kinavyovuja. Mti niliupanda kwa mapenzi, na mapenzi yale yale ndiyo yaliyouchimba ukuta. Anayekukosoa na fimbo mkononi, msikilize kabla hujamchekea, hata kama hana namba ya kofia. Na kabla hujaamua kuhusu maji, tembea mpaka yanakoishia, ukaone nani anaishi huko, na urudi na matope yake kwenye viatu. Mimi nilitembea, nikaona, nikainua mkono wa kinyume. Usinirithi hapo.

Mimi nitasema mto urudi. Kabichi zangu zitakauka, na wenzangu watanichukia, na dirisha langu litaonyesha bonde la matope kwa muda mrefu. Nitalia, sikudanganyi. Lakini sikulazimishi wewe. Kazi ya katibu si kuamua peke yake, ni kuandika majina. Ndiyo maana ninakuomba jambo moja tu. Katika orodha ya watakaosema, liandike jina la Nasieku, na la mwanawe, na la kila anayechunga kule mlangoni mwa mto. Watakuambia hawana namba. Waambie maji yana namba gani? Wape viti vya mbele.

Na usianze na sala ndefu wala salamu za mwenyekiti. Iweke hii chupa mezani ikiwa imetulia, watu wote waione, useme: mama yangu aliwahi kuyaona maji kama haya, akanyamaza siku mbili. Lisikie likitoka kinywani mwako mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa pale mbele, karibu na Nasieku akiniruhusu, nimevaa shanga zake kama atasema nivae.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya Mzee Kiprono kabla hayajaingia ukungu, na ulimi mpole kuliko wangu. Maji yako yawe matamu mahali unapokunywa na mahali yanapofika. Usilale chini ya ukuta wa mtu, wala mtu asilale chini ya wako bila kujua. Sasa nipe hiyo chupa taratibu, usiitikise, nikufungie kwa leso.